Kubuku Safari ya Kundi Nje ya Nchi kwa Kiingereza cha Kuungaunga

Tulipokwenda Uturuki, wanawake sita wa kikundi kimoja cha kuweka na kukopa hapa Dodoma, mimi ndiye niliyekuwa naandikiana na wakala wa kule. Katika barua pepe zote nilizotuma, kuna sentensi moja iliyotugharimu milo mitatu. Niliuliza kwa Kiingereza changu: hakuna malipo mengine ya chakula cha jioni? Akanijibu kwa neno moja, "Yes". Nikawatangazia wenzangu kwamba mambo safi, jioni tunakula bure.

Kiswahili chetu hukubaliana na swali lilivyoulizwa. Ukiniuliza "Hukuja jana?" na mimi sikuja, nitakujibu "Ndiyo, sikuja." Kiingereza hakiendi hivyo. Ile "Yes" yake ilimaanisha kwamba malipo yapo. Usiku wa kwanza hotelini tukaletewa bili, na mwenzetu mmoja, mwalimu mstaafu asiyependa kupoteza shilingi, aliniangalia kwa jicho ambalo silisahau.

Tangu hapo nimesaidia makundi mawili mengine kupanga safari zao. Kiingereza kidogo hakimkwamishi mtu peke yake. Kinachomkwamisha ni Kiingereza kidogo kikichanganyika na aibu ya kuuliza mara ya pili. Hatua hizi ni za mtu mwenye Kiingereza cha kuungaunga kama changu, anayetaka kujiunga na safari ya kundi lenye mwongozaji huko nje.

Hatua ya kwanza: jua ndani ya basi kutasemwa lugha gani

Tangazo likisema mwongozaji anazungumza Kiingereza, usiridhike. Uliza maswali mawili. La kwanza, basi litakuwa na lugha ngapi? Safari nyingi za bei nafuu huchanganya wageni, na mwongozaji hueleza jambo lilelile mara mbili au tatu. Kwetu ilikuwa Kihispania kwanza, kisha Kiingereza. Kihispania kilikwenda dakika kumi na tano huku wenzao wakicheka, halafu sisi tukapewa dakika nne na hakuna kichekesho. Basi lenye lugha moja hugharimu zaidi, lakini kama unajua kwamba Kiingereza cha haraka kinakupita, hiyo ni fedha ya kutoa bila kinyongo.

La pili, mwongozaji ni yuleyule mwanzo hadi mwisho, au anabadilika kila mji? Sikio linahitaji siku moja au mbili kuzoea lafudhi ya mtu. Ukibadilishiwa kila mji, unaanza darasa upya.

Misri na Uturuki, mwongozaji wa watalii ni mtu mwenye leseni, na leseni yenyewe hutaja lugha anazoruhusiwa kufanyia kazi. Kwa hiyo swali la lugha si la kuombea fadhila. Wakala mzuri atakujibu mara moja, na anayezungukazunguka amekwisha kukujibu.

Msiogope pia kuuliza kama yupo wa Kiswahili. Mkiwa wawili hutapata, lakini mkifika kumi na tano na kuendelea, hasa kwa hija za Makka au za Nchi Takatifu, mnaweza kumchukua kiongozi wenu kutoka hapahapa nyumbani akawa mkalimani wenu, na nauli yake mkagawana. Makanisa na misikiti mingi ya Dodoma husafiri hivyo. Ikiwa mmeamua hivyo, mwambieni wakala mapema ili mkalimani aketi mbele karibu na mwongozaji na apewe nafasi ya kusema.

Hatua ya pili: uliza swali ambalo "ndiyo" haliwezi kulijibu

Hili nimelilipia, nawapa bure. Toa "si" na "ha" zote kwenye maswali yako. Usiulize "Tiketi za makumbusho hazimo?" Uliza "Tiketi za makumbusho analipa nani, sisi au ninyi?" Usiulize "Hatutabadilisha hoteli?" Uliza "Tutalala hoteli ngapi, na kila moja usiku mingapi?" Jibu lazima liwe jina, namba au chaguo.

Barua moja iwe na maswali machache, nayo yapewe namba. Sisi tuna kawaida ya kuanza na salamu ndefu, habari za kazi, natumaini u mzima wa afya, sisi huku Mungu anatusaidia. Ni adabu njema, wala sisemi iachwe. Lakini msomaji wa kule, mwenye barua themanini mbele yake, hupotea kabla ya kufika kwenye swali. Salamu mstari mmoja, halafu maswali. Shukrani mwishoni. Mfano wangu, kabla sijautafsiri, huwa hivi:

"Habari. Sisi ni watu sita kutoka Tanzania. Tunataka safari yenu ya siku saba inayoanza tarehe 12 Septemba. Tafadhali jibu kwa namba. 1. Mwongozaji atatumia lugha gani, na ndani ya basi kuna lugha ngapi? 2. Milo ipi imo kwenye bei, siku kwa siku? 3. Nani anatupokea uwanja wa ndege, na atashika bango lenye jina gani? 4. Ni vitu gani tutalipa wenyewe tukiwa huko, na ni kiasi gani kila kimoja?"

Sentensi fupi. Kitenzi kimoja kila moja. Hakuna methali, hakuna utani, hakuna "kama ikiwezekana na kama haitakuwa usumbufu". Heshima ya namna hiyo ikifika upande wa pili husomeka kama mtu asiyejua anachotaka.

Akijibu, mrudishie ulivyoelewa: "Nimeelewa kwamba tutalipa wenyewe chakula cha jioni siku ya 1, 3 na 5. Ni sahihi?" Hapa "ndiyo" inaruhusiwa, kwa sababu sentensi haina ukanushi.

Hatua ya tatu: saa

Hapa ndipo sisi tunapoachwa na mabasi. Wenzetu huhesabu saa kuanzia usiku wa manane na adhuhuri, sisi tunahesabu kuanzia kucha na kuchwa kwa jua. 07:00 ni saa moja asubuhi, 13:00 ni saa saba mchana, 19:00 ni saa moja usiku. Kila mtu analijua hilo akiwa ametulia Nyerere Square anakula zabibu. Kazi inakuja usiku, hotelini, umechoka, mwongozaji anasema "seven thirty", sikio linashika "saba", na wewe unalala na saba na nusu kichwani. Au kinyume chake: unataka kumwambia dereva aje saa mbili asubuhi, mdomo unatoa "two o'clock".

Simu nayo si ya kuaminiwa hapo. Yangu niliiandikia "tukutane saa mbili asubuhi", ikamwambia mwenyeji wetu saa nane ya usiku. Mashine ilitafsiri neno kwa neno, haikujua kwamba Mswahili ana saa yake.

Kwa hiyo fanya hivi. Usiandike wala usitafsiri saa kwa maneno, andika tarakimu tu, kwa mfumo wa saa 24. Kwenye ratiba yako chora safu mbili, ya kushoto saa yao na ya kulia saa yetu: 08:30, saa mbili na nusu asubuhi. Wagawie wenzako ile ratiba yenye safu mbili, na kila mmoja aitunze kwenye simu. Na huko, usikubali saa ya mdomo. Mwonyeshe mwongozaji kidole kwenye saa yako ya mkononi au mpe kalamu aandike.

Mtego mbaya zaidi ni wa usiku. Baadhi ya ndege za kwenda mbali huondoka Dar es Salaam kati ya saa sita na saa kumi na moja za usiku. Tiketi ikisema tarehe 12, saa 03:40, hiyo ni saa tisa na dakika arobaini, usiku wa kuamkia tarehe 12. Kwetu sisi huo bado ni usiku wa tarehe 11. Aliye Dodoma anatakiwa apande treni ya SGR tarehe 11 mchana, awe uwanjani muda wa saa tatu kabla ndege haijaondoka. Namjua mtu aliyefunga mzigo vizuri akatokea siku nzima baadaye. Mkiwa kundi, tarehe hizi ziseme kwa "usiku wa kuamkia", na siku ya kutoka Dodoma itajwe peke yake kwa wino mwekundu.

Tofauti ya saa kati ya nchi ni jambo dogo. Uturuki wako sawa na sisi mwaka mzima. Misri wako nyuma yetu kwa saa moja, isipokuwa majira yao ya joto, kwa kuwa tangu 2023 wamerudia kusogeza saa mbele, na miezi hiyo tunalingana.

Hatua ya nne: majina, tarehe na nukta

Jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Sisi tuna majina matatu, la kwetu, la baba na la ukoo, na fomu za huko zina vijumba viwili tu. Kijumba cha ukoo kijazwe lile lililo kwenye mstari wa ukoo wa pasipoti, mengine yote yaende kwenye kijumba cha pili. Usimtumie wakala majina kwa ujumbe wa simu, mtumie picha ya ukurasa wa pasipoti. "Mama Fulani" tumwachie mtaani.

Tarehe iandikwe na mwezi kwa jina. 05/06 kwetu ni tarehe tano mwezi wa sita, kwa Mmarekani ni tarehe sita mwezi wa tano.

Nukta na koma nazo huhamishana. Uturuki, Italia, Hispania na Ujerumani, 1.250 ni elfu moja mia mbili na hamsini, na koma ndiyo hutenga senti. Nimewahi kumwona mtu akifurahia ziara ya puto kwa euro moja na robo.

Misri utakuta tarakimu za Kiarabu kwenye vibao na bei za sokoni. Mbili zinachanganya: ٥ inafanana na sifuri yetu lakini ni tano, na ٦ inafanana na saba lakini ni sita. Ukizisikia zikitamkwa, kwa upande mwingine, utajisikia uko nyumbani: sita, saba na tisa tulizitoa hukohuko.

Hatua ya tano: maneno ya kwenye karatasi yanayokula pesa

Mkataba wa safari unaweza kuwa na kurasa nane, lakini maneno yenye meno hayafiki kumi na tano. Yatafute kwa kalamu ya rangi kabla ya kusoma mengine.

"Half board" ni kifungua kinywa na chakula cha jioni, cha mchana juu yako. "Full board" ni milo mitatu. Vyote viwili, kwa kawaida, havina vinywaji, hata maji mezani huweza kuja na bili.

"Per person sharing" maana yake bei hiyo ni ya mtu anayelala chumba kimoja na mwenzake. Ukitaka chumba chako mwenyewe, tafuta "single supplement", ambayo ni nyongeza ya kulala peke yako na mara nyingi si ndogo. Mkiwa idadi isiyogawanyika kwa mbili, nyongeza hiyo itamwangukia mmoja, basi amueni mapema ataibeba nani au mtaichangia vipi. Na angalieni "twin" na "double". Ya kwanza ni vitanda viwili, ya pili ni kitanda kimoja kikubwa. Mashemeji wawili kutoka Kizota hawatafurahia somo hilo saa sita za usiku mapokezi.

"Transfer" mtumishi wa umma wa Dodoma ataisoma akaanza kutafuta barua ya uhamisho. Kwenye safari ni kubebwa kutoka uwanja wa ndege hadi hotelini na kurudishwa. Kama haimo, utajitafutia teksi katika mji usioujua, usiku, kwa lugha ya watu. Mimi sikubali safari isiyo nayo.

"Optional" ni hiari, na hiari hulipiwa. Kwenye ratiba hukaa katikati ya siku kama ziara nyingine zozote, imependezeshwa na picha, na asubuhi yake ndipo mwongozaji anapopita na bahasha. Jumlisha hizo zote mapema uone bei ya kweli ya safari.

"Visit" ni kuingia. "View" au "panoramic" ni kuliona jengo mkiwa ndani ya basi au mkiwa barabarani, mnapiga picha, mnaondoka. Neno hili moja ndilo lililomfanya mwenzetu aone kasri aliyoiota miaka kumi kupitia kioo.

"Land only" ni safari isiyo na ndege. "Tips not included" ni kwamba kuna bahasha ya dereva na mwongozaji mwishoni. Uliza kiasi kinachotarajiwa kwa siku, usisubiri kuona wenzako wanatoa nini. Na "subject to minimum numbers" ni kwamba watu wasipotimia, safari inaweza kufutwa. Ukiliona hilo, uliza idadi, uliza siku ya mwisho ya kukuarifu, na uliza fedha inarudi vipi. Majibu yakija, ndipo ukate tiketi ya ndege, maana tiketi haitajali kama kundi lilitimia.

Neno "non-refundable" halihitaji kamusi. Ukishalipa, usahau.

Hatua ya sita: mkalimani wa mfukoni na wakalimani wa mtaani

Programu ya tafsiri kwenye simu inasaidia, nami naitumia kila siku nikiwa nje. Pakua Kiswahili na lugha ya unakokwenda ukiwa bado kwenye mtandao wa nyumbani, ili ifanye kazi bila intaneti. Kamera yake husoma menyu na vibao vizuri kiasi cha kukuokoa na nyama usiyoila. Ila kwa jambo la fedha au afya, igeuze: chukua tafsiri iliyotoka, irudishe kwenye Kiswahili, uone kama bado inasema ulichokusudia. Ikirudi imepinda, vunja sentensi yako iwe mbili.

Kwa mkataba, mtafute binadamu. Dodoma tuna bahati ambayo hatuitumii. Chuo Kikuu cha Dodoma kimejaa vijana wanaosoma lugha, na tangu 2013 kina Taasisi ya Confucius inayofundisha Kichina, kwa hiyo mfanyabiashara anayejiunga na kundi la kwenda Guangzhou hana sababu ya kusafiri na ratiba asiyoielewa. Kwa Kiarabu, yuko ustadhi wa msikiti wa mtaani kwako. Mlipe kijana saa yake moja, kaeni na karatasi mezani, mwambie akueleze kwa Kiswahili na wewe uandike. Usimwombe asome halafu akwambie "iko sawa".

Kama ubalozi utataka tafsiri rasmi ya cheti au barua iliyo kwa Kiswahili, hiyo si kazi ya kijana wala simu. BAKITA, baraza la Kiswahili lililoundwa kwa sheria mwaka 1967, hutafsiri na kuthibitisha tafsiri. Balozi nyingi ziko Dar es Salaam, basi panga safari hizo mbili ziwe moja.

Bima nayo ina swali la lugha ambalo watu hawaulizi. Nchi za Schengen, zile za Ulaya zinazotumia viza moja, zinadai bima yenye kinga isiyopungua euro 30,000, na kila mtu huangalia hicho kiwango tu. Mimi huuliza ile namba ya dharura: ukipiga usiku, anapokea nani na kwa lugha gani?

Hatua ya saba: kutuma fedha

Fupi. Kwenye fomu ya benki ya kutuma fedha nje kuna sehemu ya makato yenye herufi OUR, SHA na BEN. OUR ni kwamba makato yote unabeba wewe, SHA mnagawana, BEN yanakatwa kwa mpokeaji. Ukichagua vibaya, wakala atapokea pungufu na atakuandikia barua yenye maneno ambayo itakubidi utafsiri tena. Maelezo ya malipo yawe jina la kundi na namba ya bukingi. Akaunti ikibadilika katikati ya mazungumzo, simama, mpigie simu kwa namba uliyoipata mwanzo.

Kabla ya kuondoka: fanyeni jaribio Kolo

Hili watu hunicheka, lakini nalipendekeza kwa kila kundi. Michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingia kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006, iko kaskazini mwetu kwenye barabara ya Arusha, safari ya siku moja. Nendeni kundi zima na mumwombe mwongozaji wa pale Kolo awaelezee kwa Kiingereza, kama anavyowaelezea wageni. Mtagundua nani anaelewa, nani anatikisa kichwa tu, nani hutangulia mbele na nani huachwa nyuma akipiga picha. Mkirudi jioni mtakuwa mmejua nani awe sikio la kundi. Mara nyingi si yule aliyesoma sana, ni yule asiyeona haya kusema "rudia tafadhali".

Halafu kila mmoja aandikiwe kadi ndogo ya kuweka kwenye mkoba: jina, jina la hoteli kwa maandishi ya nchi ile, simu ya mwongozaji, na ugonjwa wake ikiwa anao. Dawa ziandikwe kwa jina la dawa yenyewe, kama metformin au amlodipine, si la kampuni, kwa sababu jina hilo mfamasia wa Cairo au Istanbul atalijua. Kwa dharura Uturuki na nchi za Ulaya ni 112, namba ileile ya polisi tuliyoizoea.

Mkiwa huko

Siku ya kwanza, kabla basi halijaondoka, nendeni kwa mwongozaji, mumwambie wazi kwamba Kiingereza si lugha yenu na kwamba mtamwomba aandike. Hakuna aliyewahi kutucheka kwa hilo. Aliyecheka ni mwenzetu mzee kuliko sote, mwongozaji alipopanda basi na kutusalimia "merhaba". Alidhani kijana ameitikia shikamoo ambayo yeye hakuitoa, na kwamba heshima imegeuzwa juu chini. Kumbe ndiyo "habari" yao. Baada ya hapo akaanza kuhesabu maneno aliyoyatambua: dakika ni dakika, chai ni çay, hesabu ya mgahawani ni hesap, duka ni dükkân. Kufika Pamukkale alikuwa anaagiza chai ya kundi zima bila simu.

Kila jioni, kabla ya kupanda vyumbani, nilikuwa nampelekea mwongozaji daftari na kalamu aandike vitu vitatu: saa ya kuondoka, mahali pa kukutana, na kama mizigo inashuka au inabaki. Ilimchukua nusu dakika. Daftari bado ninalo. Ukurasa wa siku ya tano una mwandiko wake, 06:15, na chini yake wangu: saa kumi na mbili na robo asubuhi, mizigo ishuke, mwalimu aamshwe kwanza.